Uliza Mama Bustani: Nina maua mengi, mbona vipepeo hawakai?

Haya wapenzi wa bustani, mwezi uliopita niligusia vipepeo kwa sentensi mbili tu alafu nikapita zangu kwenye mambo ya mbolea, basi meseji zikamiminika, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: nimepanda maua, vipepeo wako wapi? Nafasi yote ya mwezi huu nawapa vipepeo. Maswali mengine nimeyafupisha na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo Mama Bustani. Nina mawaridi ya kila rangi, dalia kubwa kama sahani, na petunia za kujazia zimemwagika kwenye vyungu, watu wakipita wanasimama kupiga picha. Ila vipepeo wanapita juu, wanazunguka kidogo, wanaondoka. Wanakosa nini kwangu? (Mwenye mawaridi)

Marahaba mwanangu, na hongera, dalia ya ukubwa huo inataka mkono wa mtu anayejua. Ila vipepeo hawakai kwako kwa sababu hawana cha kunywa.

Kipepeo hana meno. Ana mrija mwembamba ameukunja chini ya kichwa kama waya uliozungushwa kidoleni, akitua anaunyoosha, anauchomeka ndani ya ua na kuvuta nekta, yale maji matamu ambayo wengine wanaita mbochi. Kwa vipepeo wengi hicho ndicho chakula cha ukubwani karibu chote, ya kutafuna aliyamaliza akiwa kiwavi. Na kabla hata hajaunyoosha huo mrija anaonja kwa miguu, ndiyo, miguu, vionjio vya sukari viko pale kwenye nyayo zake, akikanyaga utamu mrija unajifungua wenyewe, akikanyaga patupu anaruka. Ndo maana unawaona wanagusa na kuondoka, si kwamba wana haraka, wameshaonja wamekuta hamna kitu.

Sasa chukua hilo ua la kujazia, yaani lile lililojaa petali tabaka juu ya tabaka. Wazalishaji wa maua kwa miaka mingi wamekuwa wakichagua mimea yenye petali nyingi zaidi na zaidi kwa sababu sisi wanunuzi tunazipenda, na kwenye maua mengi hizo petali za ziada ni stameni, yaani sehemu za kiume za ua, zilizogeuka petali. Sehemu ya kuzalisha chavua imepungua, tezi za nekta mara nyingi zimepotea au zimefunikwa kabisa na mrija haufiki. Kwa dalia na zinia na jamaa zao mambo yako hivi: kile kitufe cha njano cha katikati ni mkusanyiko wa viua vidogovidogo kabisa, kila kimoja na tone lake la nekta, na ile ya kujazia imepoteza hicho kitufe, kote ni petali. Ua limevaa vizuri lakini jiko halipo. Waridi nalo, hata lile la pori lenye petali tano, linatoa chavua zaidi kuliko nekta, ni la nyuki kuliko kipepeo.

Mbona basi wanakuja kuzunguka? Rangi. Vipepeo wanaona rangi vizuri sana, mtafiti Dora Ilse alilionyesha hilo mwaka 1928, na kila aina ina rangi zake inazozikimbilia kabla haijanusa kitu. Wengi wao wanaiona nyekundu ambayo nyuki wa asali haioni sawasawa, na wanaona pia mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu hayaufikii kabisa, kwa hiyo petali unayoiona ya njano tupu yeye anaweza kuiona imechorwa mistari inayoelekeza ndani. Kwa hiyo bustani yako inawaita kwa sauti kubwa, wakifika hawakuti kitu.

Usiyang'oe mawaridi, yanakupa raha na raha yako nayo ina haki yake. Chukua robo tu ya eneo, lile linalopigwa jua, panda dalia za safu moja ya petali, zile zenye kitufe wazi katikati, changanya na mimea nitakayoitaja hapa chini. Na ukiwa unanunua miche fanya kipimo changu: inama uangalie katikati ya ua. Ukiona kitufe au mdomo wa kijimrija, nunua. Ukiona petali tu mpaka chini, hilo ni la kuwekea mezani.

Mama, naomba majina. Nina kiplot cha hatua kumi kwa sita, jua la kutosha, nataka kwenda kununua wikiendi hii na nisikosee. (Msomaji wa haraka)

Majina nakupa, ila nisome mpaka mwisho kwa sababu mawili kati ya maua maarufu kabisa yana kesi.

Ukiniambia nichague moja tu duniani nitachagua pentasi, Pentas lanceolata, asili yake ni Afrika na Uarabuni lakini siku hizi inapandwa kila penye joto. Angalia inavyofaa: kishada kizima cha nyota ndogo zenye ncha tano, kimetanda juu kama meza, kipepeo anatua mara moja na bila kuhama anachomeka mrija kwenye nyota moja, ya pili, ya tatu, anazunguka kishada kizima kwa miguu. Kila nyota ina kijimrija chembamba chenye nekta chini. Inachanua miezi mingi mfululizo. Nyekundu na pinki iliyokolea ndizo nimeona zinavuta wengi, nyeupe nayo wanaijia lakini kwa kusuasua.

Baada ya hapo zinia, ya safu moja au mbili za petali, unapanda kwa mbegu moja kwa moja ardhini, inavumilia jua kali na inachanua ndani ya miezi miwili hivi. Kosmosi, rahisi hivohivo. Verbena, hasa ile ndefu ya zambarau, Verbena bonariensis, ina vikonyo vyembamba vinavyopita katikati ya mimea mingine bila kuisumbua. Marigoldi ya kawaida yenye kitufe. Lavenda kama udongo wako haushiki maji. Salvia. Hata mrehani na kivumbasi ukiviacha vichanue, watu wanakata maua yake wakitaka majani, we acha shina mbili tatu zitoe maua uone. Kama unaishi kwenye baridi yenye majira manne ongeza asta na solidago kwa ajili ya mwisho wa msimu, hapo nitarudi.

Sasa zile mbili zenye kesi. Ya kwanza lantana. Vipepeo wanaipenda mno, hilo halina ubishi, lakini Lantana camara imetoka Amerika ya kitropiki na imeshavamia Afrika, Asia na Australia, iko kwenye ile orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, ndege wanakula matunda yake wanaenda kuyaotesha msituni, inatengeneza vichaka visivyopitika na mifugo ikiila inaumwa. Ukiipanda kwa ajili ya vipepeo kumi bustanini unaweza kuwa unafunika mimea ya asili iliyokuwa inawalisha vipepeo elfu porini. Mi siipandi. Kama unaishi ambako ni ya asili, au umepata ile isiyozaa mbegu, ni hadithi nyingine. Ya pili ni budleya, Buddleja davidii, kichaka kilichotoka China, Waingereza wameipenda mpaka wakaipa jina la kichaka cha vipepeo, nayo imetapakaa kwenye reli na magofu Ulaya, na jimbo la Oregon huko Marekani limeiweka kwenye magugu yaliyopigwa marufuku. Kama unayo tayari usiikate kwa hasira, ila kata vile vishada mara vinaponyauka kabla mbegu hazijakomaa.

Kuna jambo moja watu wanakosea kuliko hata majina. Wananunua mche mmoja mmoja wa aina kumi na tano. Kipepeo anayepita juu anatafuta doa la rangi, mche mmoja wa pentasi katikati ya vurugu hauonekani. Panda aina tano tu, kila aina miche mitano mpaka tisa pamoja. Kwa hatua zako kumi kwa sita inatosha sana, na utamu wenyewe ni kwamba akishajua ua linafunguliwaje haendi kuhangaika kujifunza jingine, anakunywa lile lile mpaka amalize, kwa hiyo mkusanyiko unampunguzia kazi.

Alafu usitishike ukisikia ua fulani lina nekta nzito tamu sana. Maua ya vipepeo mengi yana sukari kama asilimia 20 hadi 25 hivi, nyepesi kiasi, kwa sababu jaribu mwenyewe kunywa uji mzito kwa mrija mwembamba uone. Nyuki anaweza nzito zaidi, kipepeo inamchosha.

Mama Bustani nisaidie kabla sijafanya maamuzi. Nilipanda maua kwa ajili ya vipepeo, wamekuja, nikafurahi. Sasa mndimu wangu mchanga umejaa viwavi wachafu kama kinyesi cha ndege na majani yamebaki vijiti. Nimeshanunua dawa, iko hapa mkononi. (Baba wa mndimu)

Baba weka hiyo dawa chini kwanza. Tafadhali.

Hao wanaofanana na kinyesi cha ndege ni wale vipepeo uliofurahia. Papilio demodocus wa Afrika, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, anataga kwenye mindimu, milimau na michungwa, na ndugu zake wa Asia vilevile. Kiwavi mchanga anajifananisha na kinyesi ili ndege asimle, akikua anageuka kijani, ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Hazina madhara kwako, anakutisha tu.

Hapa ndo kuna jambo ambalo ningetamani kila mwenye bustani alijue. Nekta inamlisha kipepeo mkubwa peke yake. Mtoto wake hanywi nekta, anatafuna majani, na si majani yoyote. Mama kipepeo anapita anagonga majani kwa miguu anayaonja mpaka apate ya ukoo unaokubalika, ndipo anataga. Monarki wa Amerika na kipepeo Danaus chrysippus wa Afrika na Asia wanataka mimea ya jamii ya asklepia, ile ukiikata inatoa utomvu mweupe kama maziwa, yenye sumu, na viwavi wanaiweka hiyo sumu mwilini ili ndege wakiwala watapike. Acraea wengi wanataka mpasheni na ndugu zake. Vile vipepeo vya njano na vya kijani kibichi vinavyopita mbio, Catopsilia na Eurema, wanataka mimea ya jamii ya kasia. Papilio machaon wa Ulaya anataga kwenye shamari na majani ya karoti. Bustani yenye nekta tupu ni kama mgahawa barabarani, watu wanakula wanaondoka. Yenye nekta na majani ndo kijiji.

Kwa mndimu wako: mti mkubwa hauumii kabisa, unachipua upya. Ule mchanga kweli unaweza kudumaa, kwa hiyo wachukue viwavi kwa mkono, wahamishie kwenye mlimau au mchungwa mkubwa wa jirani anayekubali, baki na wawili au watatu kama mti unaweza kuwabeba. Mwakani panda mndimu wa pili pembeni kabisa, ule ndo uwe wao. Na nikuambie kitu, ndege, nyigu na buibui watawala wengi sana, kati ya mayai yote yaliyotagwa wanaofika kuruka ni wachache mno. Kila mmoja anayebaki pale kwenye mndimu wako ameponea chupuchupu.

Habari mama. Mi naishi ghorofa ya tatu, nina baraza la upana wa godoro. Nijaribu au nisahau? (Mpangaji)

Jaribu mwanangu, vipepeo wanapanda huko vizuri tu, wanafuata rangi na jua.

Kinachokushinda juu huko ni upepo, sio urefu. Kipepeo ana mabawa mapana na mwili mwepesi, akitua kwenye kikonyo kinachoyumba anatumia nguvu nyingi kuliko anachokunywa. Weka vyungu nyuma ya ukuta wa kibaraza au ufunge kitambaa cha wavu upande upepo unakotokea. Jua nalo ni la lazima: damu yake haijitengenezei joto kama yetu, misuli ya kurukia inataka ifike karibu nyuzi 30 hivi ndo afanye kazi vizuri, ndo maana asubuhi unawaona wametandaza mabawa kwenye ukuta au jiwe wanaota jua. Baraza lisilopata jua hata masaa matano, weka mimea ya majani na usihangaike na vipepeo.

Chukua chungu kimoja kikubwa, kipana, upande pentasi tatu au nne za rangi moja. Kingine zinia fupi. Chungu kikubwa hakikauki haraka, na ua lenye kiu linapunguza nekta, kwa hiyo umwagiliaji wako ndo unaojaza kikombe cha kipepeo. Kata maua yaliyokauka kila wiki mmea utoe mengine. Usimwage mbolea ya naitrojeni nyingi, utapata majani mazuri na maua ya kutafuta.

Mama, nimeweka maua yote uliyosema lakini kuna vipepeo wakubwa wa kahawia wanayaruka wanaenda kukaa kwenye embe lililooza, na wengine wanakaa kwenye tope karibu na bomba. Wanaumwa? (Mama wa watoto wawili wanaouliza sana)

Hawaumwi, waambie watoto wamegundua kitu kizuri.

Sio vipepeo wote wanaishi kwa nekta. Charaxes wa Afrika, Morpho wale wa bluu wa Amerika ya kitropiki na wengi wa msituni wanakunywa maji ya matunda yaliyochacha, utomvu unaotoka kwenye gome lililojeruhiwa, hata kinyesi. Ukitaka wakae kwako weka ndizi iliyoiva kupita kiasi au hilo embe kwenye sahani, uitundike kwenye kivuli mbali na siafu, ubadilishe kila baada ya siku mbili.

Wa kwenye tope mara nyingi ni madume. Nekta ina sukari lakini chumvi haina ya kutosha, wanaivuta kwenye udongo uliolowa, na sehemu ya hiyo chumvi dume anampa jike wakati wa kupandana, jike naye anaipitisha kwenye mayai. Chukua sahani pana, jaza mchanga, lowanisha uwe tope jepesi bila maji kusimama, nyunyiza chumvi kidogo sana, weka na jiwe moja la bapa juani. Maji ya sukari sikushauri, yanachacha haraka na kuleta sisimizi, ua linafanya hiyo kazi vizuri zaidi.

Nilinunua miche ya maua iliyochanua vizuri sana, haina hata jani lililotobolewa. Viwavi niliowahamishia kwenye ile miche ya asklepia walikufa wote ndani ya siku mbili. Nimelia mama. Nimekosea wapi? (Aliyevunjika moyo)

Pole sana, pole kweli. Hukukosea kwenye kupanda.

Siwezi kujua kwa hakika nikiwa hapa, lakini jani lisilo na tundu hata moja kwenye mmea ambao kila mdudu anaupenda ni dalili ninayoiogopa. Kuna dawa za wadudu zinazoingia ndani ya mmea, zinanyonywa na mizizi zinapanda mpaka kwenye majani, chavua na nekta, wanaziita neonikotinoidi, na mche unaweza kuwa umewekewa huko kitaluni muda mrefu kabla hujaununua. Kuosha majani hakusaidii maana sumu iko ndani. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku tatu kati ya hizo, imidakloprid, klothianidin na thiamethoksam, kutumika mashambani nje, kwa sababu ya nyuki. Kipepeo anakunywa meza moja na nyuki.

Kuanzia sasa muulize muuzaji moja kwa moja, mche huu umewekewa dawa gani na lini? Asiyejua jibu usimnunulie mimea ya viwavi. Njia iliyo salama zaidi ni mbegu au vipandikizi kutoka kwa mtu asiyepulizia, pentasi inashika vizuri sana kwa kipandikizi, zinia ni mbegu tu. Na jihadhari na ile dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, watu wanaiuza kama ya asili isiyodhuru, ni kweli haikudhuru wewe wala nyuki, lakini ile aina ya kurstaki kazi yake ni kuua viwavi, haimbagui wa kabichi na wa kipepeo wako. Vidukari ukiwaona kwenye asklepia wapige maji ya bomba au waminye kwa vidole ukiangalia kwanza kama kuna mayai.

Mama hivi maua meupe yanayonukia usiku nayo yanaleta vipepeo? Nina yasmini, nikitoka usiku naona vitu vinaruka kwa kasi. (Mlinzi wa usiku)

Hao ni nondo kaka, na usiwadharau. Maua meupe yenye mrija mrefu na harufu ya jioni yametengenezwa kwa ajili yao, gizani rangi haisaidii sana, harufu inasafiri. Wale wenye kasi wanaoning'inia hewani mbele ya ua bila kutua ni nondo wakubwa wa jamii ya Sphingidae, mrija wao unaweza kuwa mrefu kuliko mwili. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika kuhusu okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, ambayo nekta yake iko chini kabisa ya mrija wa karibu sentimita 30, akasema lazima kuna nondo mwenye ulimi unaofika huko. Alifariki 1882 bila kumwona. Nondo mwenyewe akaja kuelezwa kisayansi mwaka 1903, akapewa jina praedicta, yule aliyetabiriwa.

Kwa bustani yako hilo lina maana moja ya vitendo. Pima mrija wa ua na mgeni unayemtaka. Vipepeo wadogo wana mirija mifupi, wape maua mafupi kama verbena na marigoldi. Wakubwa kama Papilio wanafika ndani zaidi, pentasi na salvia wanaziweza. Yasmini waachie nondo, na zima taa ya baraza mapema, inawapoteza.

Kwangu maua yanachanua yote kwa pamoja mwezi mmoja na nusu, vipepeo wanajaa, kisha kimya mwaka mzima. Kawaida? (Msomaji wa muda mrefu)

Inatokea sana, na inawaumiza. Vipepeo wengi wanaishi ukubwani wiki mbili mpaka nne tu, kizazi kikiibuka na kukuta maua yamekwisha hakina akiba. Panda zinia kwa awamu, kila baada ya wiki tatu mstari mmoja. Nusu ya verbena ipogoe mapema ichelewe kuchanua. Hakikisha una kitu kinachochanua mwishoni kabisa mwa msimu, kabla ya ukame au baridi, hapo ndo nekta ina thamani kubwa. Monarki wa Amerika ya Kaskazini wanaosafiri kwenda kupumzika kwenye misitu ya milimani Mexico, sehemu ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1975 tu, wanajaza mafuta mwilini kwa nekta ya asta na solidago njiani, na mafuta hayo ndiyo yanawavusha baridi yote. Kuna na kipepeo Vanessa cardui anayevuka jangwa la Sahara kati ya Ulaya na Afrika, mnyama mwenye uzito wa chini ya gramu moja. Yeye nekta ndo petroli yake.

La mwisho mama, hili limenishangaza. Niling'oa heliotropi nikaiacha pembeni ikauke. Kesho yake vipepeo wa rangi ya chungwa wamejazana kwenye yale majani makavu, maua mabichi pembeni hawayaangalii. Kuna nini pale? (Mtazamaji)

Ah, umenifurahisha. Hao nadhani ni Danaus, na ukiwachunguza utakuta karibu wote ni madume. Heliotropi, na mmea wa marejea pia, zina kemikali chungu zinazowalinda zisiliwe. Madume ya jamii hii yanazinyonya kutoka kwenye mmea ulionyauka au kuvunjika, yanatema mate kidogo juu ya jani kavu, yanaziyeyusha, yanazivuta. Wanazitumia kutengeneza harufu ya kumvutia jike, na zinawapa ulinzi dhidi ya wanaowala. Dume asiyezipata anapata shida sana kukubaliwa.

Kwa hiyo usiyatupe hayo matawi. Yafunge fungu, yaning'inize mahali pakavu penye jua, mvua isiyafikie, usogeze kiti ukae karibu asubuhi. Usiyaweke wanapofika mbuzi au kuku, hizo kemikali zinaharibu ini la mifugo, na we mwenyewe nawa mikono. Ukipata picha nzuri niletee, nitaiweka toleo lijalo.